Jina la ubavuni sio lazima liwe la fundi

Mhariri, ile makala yenu ya vyombo vya muziki vya kale niliisoma yote na niliipenda, ila pale mlipoandika kwamba ukitaka kujua nani katengeneza konsetina yako (kile chombo kidogo cha mkononi chenye mivukuto katikati na vitufe pande zote mbili) we soma tu jina lililoandikwa ubavuni, hapo nakataa. Jina la nje mara nyingi ni la mwenye duka. Karne ya 19 pale London maduka ya muziki kibao yalikuwa yananunua konsetina kwa mafundi kama Lachenal au George Jones, yanabandika lebo yao, yanauza, sasa mtu wa leo anasoma lebo ya Keith Prowse anadhani kapata fundi kumbe kapata muuzaji.

Kabla hata hujashika bisibisi, bonyeza kitufe kimoja huku ukivuta mivukuto, alafu hichohicho huku ukisukuma. Sauti ikibaki ileile hiyo ni ya mfumo wa Kiingereza au dueti (yenye noti nene mkono wa kushoto na nyembamba wa kulia), na ukikuta kitanzi cha kuingiza kidole gumba badala ya mkanda wa kiganja basi ni ya Kiingereza, ile aliyoibuni Charles Wheatstone (ndiyo, huyohuyo wa daraja la Wheatstone lililotutesa kwenye fizikia). Sauti ikibadilika ni Anglo (aina ya Uingereza iliyotokana na ya Kijerumani), au ni ya Kijerumani yenyewe, maana Uhlig, fundi wa Chemnitz huko Ujerumani, ndo alianza na mtindo huo mwaka 1834.

Kutofautisha Anglo na ya Kijerumani lazima ufungue. Zile nzuri za Uingereza kila kilimi (kile kibati chembamba kinachotetemeka kutoa sauti) kimefungwa kwenye kijifremu chake cha shaba, na kijifremu kimechomekwa kwenye mfereji wake ndani ya mbao, unaweza ukakichomoa kimoja peke yake. Za Kijerumani vilimi vingi vimegongewa kwenye bati moja refu. Ukiona hivyo, hata kama ubavuni kuna jina la Kiingereza limenakshiwa kwa dhahabu, we jua kuna uwezekano mkubwa imetoka Ujerumani. Na ukifungua skrubu zipange kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka, kila moja imezoea tundu lake.

Humo ndani tafuta namba. Inakuwa imegongwa au kuandikwa kwa penseli zaidi ya sehemu moja, kwenye mbao ya vilimi, kwenye mbao ya vinyenzo vya vitufe, hata kwenye fremu ya mivukuto, na zote zinatakiwa zifanane na ya nje. Zisipofanana huenda hizo ni konsetina mbili zimeunganishwa kuwa moja, hapo hata kuuliza fundi nani ni kazi bure.

Mwenye konsetina ya kiwanda cha Wheatstone ana bahati kuliko wote, vitabu vya kiwanda vingi vimehifadhiwa Horniman Museum London na vimewekwa intaneti bure, unaoanisha namba na tarehe basi. Lachenal mwaka unakadiriwa tu kutokana na namba. Jeffries (fundi mwingine wa London) ndo balaa, konsetina zake hazina namba za mfululizo kwahiyo watu wanategemea ule muhuri wa C. JEFFRIES MAKER, na muhuri mtu yeyote anaweza akaugonga, mi nisingeilipia bei ya Jeffries bila kuona vilimi vyake kwanza.

Kwahiyo mhariri mkirudia mada hii tunaomba picha za ndani, ile ya nje peke yake haitusaidii.

Msomaji wenu