Glikl hakuwa tajiri wa riba

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita ilisema Wayahudi wa Ulaya ya zamani walikuwa matajiri wa riba, kazi yao kuhesabu fedha. Niliisoma nikiwa Altona, Hamburg, Ujerumani, ninakoishi na binti yangu, na iliniuma. Karibu na kwetu pana makaburi ya Wayahudi yaliyoanza mwaka 1611: mawe ya waliotoka Ureno yamelazwa, ya Wayahudi wa Kijerumani yamesimama. Altona hii ndiko alikokulia Glikl, mwanamke wa Kiyahudi ambaye kumbukumbu zake nimezisoma mara tatu tangu nifiwe na mume wangu.

Alizaliwa Hamburg, mwaka 1646 au 1647. Hajatimiza miaka mitatu, Wayahudi wenzake wakafukuzwa mjini, wakahamia Altona, iliyokuwa nje ya Hamburg wakati huo, chini ya mfalme wa Denmark. Riziki ikabaki Hamburg. Anasimulia kwamba mwenye dukati moja, sarafu ya dhahabu, alipewa kibali cha kuingia mjini kwa majuma 4. Asiyekuwa nayo alijipenyeza, na akikamatwa hufungwa. Walitoka asubuhi baada ya sala wakarudi jioni, wakitukanwa na kupigwa njiani. Wake zao walimshukuru Mungu kila mume aliporudi salama.

Sikatai kwamba Chaim, mumewe, alifanikiwa katika dhahabu na lulu, na kwamba walikopa na kukopesha. Lakini Chaim alipofariki mwaka 1689, Glikl alibaki na watoto 12, 8 kati yao hawajaoa wala kuolewa, na madeni. Alinadi mali, akamlipa kila mdai, kisha akasimama tena: akaanzisha karakana ya soksi, akawa anafanya biashara hadi magulio ya Braunschweig na Leipzig. Usiku, usingizi ulipomkataa, aliandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Kijerumani, ili wanawe wajue wametoka kwa watu gani. Mimi usiku wangu wa eda niliumalizia kwenye daftari la duka la vitenge, kwa hiyo ninamwelewa.

Mwandishi wenu angesoma habari za mapipa tu, ingetosha. Mwaka 1665 zilienea habari kwamba Sabbatai Zevi, Myahudi wa Izmir, Uturuki, ndiye Masihi atakayewarudisha Wayahudi Nchi Takatifu. Baba mkwe wa Glikl aliacha nyumba na mashamba yake Hameln, akahamia Hildesheim, akatuma Hamburg mapipa mawili makubwa: nguo za kitani, njegere, maharage, nyama kavu, akiba ya safari hiyo. Sabbatai alisilimu mwaka 1666. Mapipa yalikaa kwa Glikl zaidi ya mwaka, mpaka mzee akaandika vyakula vitolewe visije vikaoza na kuharibu nguo. Aliyetulia juu ya fedha zake hafungi mapipa namna ile.

Glikl alifia Metz, Ufaransa, mwaka 1724, akiishi kwa bintiye, baada ya mume wake wa pili kufilisika na kupoteza fedha za Glikl pia. Naomba mrekebishe sentensi ile, na ukurasa wenu wa wanawake umpe nafasi.

Msomaji wenu,
Altona, Hamburg