Mama Mapacha, hiyo hoteli ya Kiitaliano wachana nayo

Kisumu

Mama Mapacha wangu,

Salamu nyingi kutoka huku, sisi wazima, joto ni lile lile, mvua inapiga jioni halafu inasahau, hakuna jipya. Ile voisi noti yako ndefu niliisikiliza nikiwa kwa tuktuk nikicheka peke yangu mpaka dereva akaniangalia kwa kioo. Sasa hiyo maneno ya ati mkifika Desemba niwapeleke wewe na Baba Mapacha kwa ile hoteli ya Kiitaliano ya Milimani mliona picha zake, msherehekee ndoa yenu hapo, nimeonelea nikuandikie juu nikianza kwa simu nitapandisha presha na krediti itaisha kabla sijafika kwa spageti. Jibu ni hapana. Siwapeleki, na mkijipeleka mtanikuta nimesimama kwa geti nimeshika kiuno.

Na si roho mbaya, wewe unajua mimi ndo nilikuwa naisifu hiyo hoteli kila mahali ilipofunguliwa, chama chote nilikipeleka huko, hata wale wa kanisani wasiokula kitu hawajapika wenyewe. Wakati huo palikuwa na kijana mpishi amejifunzia kazi Watamu kwa Waitaliano, na walikuwa wamejenga oveni ya matofali pale mbele, ya kuni, ukiingia mlangoni ndo kitu cha kwanza unaona. Huyo kijana unga wa kesho alikuwa anaukanda leo, anauacha ulale, halafu anautanua kwa vidole bila ule mti wa chapati, anaweka vitu vyake anaingiza ndani, ukigeuka kumwambia jirani jambo moja pizza imeshatoka. Alituambia Napoli wenyewe wanataka oveni ifike karibu digrii 485 na pizza ikae humo sekunde 60 mpaka 90 tu, ndo ukingo ufure upate yale madoa meusi na katikati ibaki laini. Ile ya Margherita alikuwa anaweka nyanya, jibini, majani ya mrihani na mafuta ya zeituni, basi. Vitu vinne na hakuna pa kujificha. Mzee wangu, yule anayesema chakula bila ugali ni snaki, alimaliza yake akaanza yangu.

Halafu kijana akaenda. Weita mmoja aliniambia chini ya maji ati mshahara ulikuwa unakuja nusu nusu, hayo ni ya kusikia sitaapa nayo, lakini aliyeletwa baada yake sijui kama hata amewahi kuambiwa hiyo oveni ni ya kazi gani.

Maana oveni bado iko! Wameiwekea maua ya plastiki mdomoni na taa za Krismasi, watu wanapigia hapo selfi, hata hiyo picha uliyonitumia imepigwa hapo. Pizza sasa inatoka jikoni nyuma, kwa oveni ya stima. Nimejua aje? Nilienda na wifi yangu, tukaagiza, na stima zikapotea, si unajua Kisumu, jenereta yao ni ya taa na friji tu, weita akaja na adabu zake zote akasema pole madam, pizza haiwezekani mpaka stima zirudi. Nikamwangalia. Nikaangalia oveni ya kuni, hapo tu nyuma ya kiti changu, kuni zimepangwa chini yake vizuri mpaka unaogopa kuzigusa. Nikamuuliza, na hiyo? Akasema hiyo madam ni ya dekoresheni. Wifi yangu ilibidi atoke nje kucheka, unajua vile kicheko chake kinaweza kufukuza wateja.

Tukangoja, stima zikarudi, pizza ikaletwa. Sasa wewe niskize. Niliinua kipande nikachungulia chini yake, kilikuwa cheupe pe, hakuna hata doa moja la moto, na ncha ikaanguka na vitu vyote vikateremka kwa sahani. Jibini haivutiki, imekaa juu imekauka na inatoa mafuta ya rangi ya machungwa. Chini ya jibini ni ile tomato sosi ya chupa, ile ya kuweka kwa chipo, tamu hiyo, sukari unaisikia kabla ya nyanya. Na juu kabisa, mahali pa mrihani, wametupa dhania. Dhania mama! Mrihani unamea huku bila hata kubembelezwa, jirani yangu anao nyuma ya choo hana kazi nao, na hawa wanachukua shilingi 1,300 wananiwekea dhania.

Carbonara ndo ilinimaliza. Hii nakueleza vizuri juu najua Baba Mapacha ataitaka. Carbonara ya Roma ni spageti, viini vya mayai, ile jibini ya kondoo wanaita pecorino, nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, na pilipili manga ya kusaga. Krimu hakuna. Ule ulaini unatokana na mayai na jibini kukutana na moto wa spageti yenyewe na maji kidogo ya kuchemshia, na lazima sufuria itolewe jikoni kwanza la sivyo unakula mayai ya kukoroga. Ndo ufundi wote uko hapo, ile nusu dakika. Sasa siku ya bathdei ya mzee nikaiagiza. Ikaja bakuli la krimu nyeupe, spageti imeiva imepitiliza inakatika ukiigusa na uma, na ndani yake, nakuapia, smoki. Smoki zimekatwa vidude vidude. Mzee akatafuna, akanyamaza, akamwita weita akamwambia kwa upole kabisa, kijana, hii smoki pasua yenu mmesahau kachumbari. Na huyo mtoto akaenda akaleta! Sahani ndogo ya kachumbari na pilipili. Na ndo kitu pekee kilichokuwa kizuri jioni ile.

Risotto, ule wali wa Kiitaliano, sitaongea sana, ilikuwa wali wa jana umemwagiwa krimu na manjano, mahali pa zafarani. Tiramisu, ile tamutamu yao ya kahawa, hapo ni keki ya chokoleti imepewa jina. Ile spageti ya nyama ya kusaga wanaita bolognese hiyo nawasamehe, najua Bologna wanatumia tagliatelle, ile pasta bapa kama utepe, lakini dunia nzima imeshakosea hapo na watoto wanaipenda. Bili ndo inakuja na asilimia 16 ya VAT chini, na 2 ya utalii, na sevisi chaji, ambayo nimeuliza maweita wakaniambia hawajawahi kuiona, kwa hivyo tipu mimi huwapea mkononi au kwa namba zao, kamwe si kwa till.

Na ungedhani hapo ningenyamaza niende zangu. Mwenye hoteli alikuwa amesimama kwa kaunta siku hiyo, nikaenda nikamsalimia vizuri, nikamwambia bwana mimi ni mteja wenu wa tangu mlipofungua, chakula kimeshuka, oveni mnayo, mbona hamuiwashi. Alinijibu akiangalia simu. Akasema, madam hapa si Roma, kuni ni gharama, na watu wa huku hawajui tofauti.

Watu wa huku hawajui tofauti.

Mama Mapacha, hii Kisumu! Mtu wa huku akiweka ngege mdomoni anakuambia huyu ni wa ziwa au wa keji, na wale wa kugandishwa kutoka Uchina anawajua hata kabla sufuria haijafunuliwa. Simama Dunga, pale ufukweni, asubuhi uone wale akina mama wakinunua mbuta, anafungua shavu anaangalia wekundu, anabonyeza mgongo aone kama nyama inarudi, ananusa, na akikataa amekataa, hata uteremshe bei mpaka chini hagusi. Mama mkwe wangu anakula majani ya osuga, ile mboga ya managu, anajua kama yalitiwa maziwa jana au leo asubuhi. Ati watu kama hao ndo hawatajua unga haujaiva? Wanajua. Ni vile tu hawana majina ya Kiitaliano ya kulalamikia, na mahali pazuri pana vitambaa kwa meza, unaogopa kuonekana mshamba, unalipa unatabasamu unapiga selfi unaenda kula ugali nyumbani. Huyo mwenyewe anaishi kwa hiyo aibu yetu, na hilo ndo limeniudhi kuliko hata dhania.

Nyinyi huko mambo hayo hamna. Waitaliano mmekaa nao Malindi tangu enzi za kurusha roketi pale Ngomeni, ile setilaiti ya Uhuru ilitoka hapo 12 Desemba 1970, mpaka sasa mtu wa kibanda anawajibu kwa Kiitaliano safi. Ukimpelekea mteja wa Malindi pizza ya dhania atakurudishia na maneno ya nchi mbili. Huku mwenyewe anajua hakuna wa kumrudishia.

Na usifikirie mimi nataka kila kitu kitoke Italia, hapana. Nyanya zenyewe Waitaliano walizipata kutoka Amerika, na mbuta wetu huyu tunayejivunia aliletwa ziwani na watu miaka ya 50, vitu vinahama. Mimi ningefurahi sana wangeweka samaki wa hapa kwa pasta. Lakini nenda uone menyu, pasta ya samaki yao ni ile mchanganyiko wa paketi, kamba na ngisi waliogandishwa wakapita barabara yote kutoka sijui wapi, na ziwa unaliona kwa dirisha la hiyo hoteli. Ukikaa ile meza ya kona unaona mpaka maboti. Kuna pasta ya Palermo inapikwa na dagaa wao, wanaweka kitunguu, zabibu kavu, shamari ya porini na zile njugu za msonobari, juu wananyunyiza makombo ya mkate yaliyokaangwa, chakula cha watu ambao jibini ilikuwa inawashinda bei. Sasa mtu asome hiyo halafu aniambie haoni omena, hawa dagaa wa ziwa letu.

Mimi niliona, nikapika. Omena wabichi kutoka Dunga, nikawatoa vichwa mmoja mmoja nikilaani, nikawapitisha kwa mafuta na kitunguu kingi, mbegu za shamari za duka la Mhindi, zabibu za pilau, karanga zetu mahali pa hizo njugu, na mkate wa juzi nimeusaga nikaukaanga mpaka ukalia. Mzee alikula, hakuuliza ugali mpaka kesho yake. Wifi alisema inataka ndimu, na kwa kweli inataka ndimu.

Kwa hivyo Desemba mtakula kwangu. Hoteli ya kulala tafuteni mnayotaka, ya ziwani zile ni nzuri na kiamsha kinywa hawaharibu, lakini jioni ya sherehe ni kwangu, watoto wote tuwafungie kwa chumba na katuni. Sisi tuna jiko la mkaa na lile la gesi la macho mawili, pizza sitajaribu, sitaki kuitwa mwongo mbele ya Baba Mapacha. Nitapika hiyo ya omena kwanza, halafu mbuta wa kuchoma, ugali na osuga kwa wale ambao hawataki mchezo.

Wewe kazi yako ni kuniletea ile jibini ngumu ya kukwaruza, kipande kikubwa, usiniletee ile ya unga kwa kopo, na paketi za spageti za kutoka kwao, zile zikichemka hazigeuki uji. Ukipata mafuta ya zeituni ya bei ya maana leta chupa mbili, nitakurudishia kwa M-Pesa nikijua ni ngapi. Waini mzee wangu atanunua, huyo hapo hachelewi. Na tafadhali niambie mapema kama mnakuja na basi au ndege, juu nikisikia basi ya usiku kutoka Malindi na watoto wawili nitawawekea maji ya moto na chai kabla ya kitu kingine chochote.

Huyo kijana wa Watamu pia, kama amerudi pande hizo, hebu ulizia kwa wale Waitaliano wa karibu na wewe. Kuna mama wa chama chetu ana ploti Mamboleo na pesa kidogo za kuanzia, na matofali hayakosi.

Wasalimie wote, wapapase hao wawili vichwa.

Ni mimi,
Auntie yao wa Kisumu