Barua kwa Mwalimu kuhusu suti za vijana wake

Chake Chake, Pemba

Mwalimu, swahibu yangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia pamoja na kile kipande cha kitambaa ulichokitia ndani ya bahasha. Sisi huku wazima, Alhamdulillah. Mama watoto anakusalimu na anauliza hali ya magoti ya bibi yetu.

Umeniomba niwashonee vijana wa timu yenu suti za Kaunda 25, nembo mfuko wa kushoto, ziwe tayari kabla ya Kombe la Mapinduzi. Mwisho wa barua ukaongeza kwamba kamati imepitisha kanuni: hapana suka, hapana cheni, hapana suruali iliyochanwa magotini, na mchezaji atakayeonekana hivyo mtaani, hata siku isiyo ya mechi, atatozwa faini, ili watu waache kuwaita wahuni. Kazi nimeipenda, na msimu huu nina haja nayo khasa. Lakini siku ya tatu leo kitambaa kipo mezani sijakitia mkasi, na ni haki yako nikwambie sababu.

Unamkumbuka mtoto wa dada yangu, yule winga wa kushoto uliyemsifu siku ile Gombani. Mwaka jana alikuja kutoka Unguja kupumzika. Alishuka Mkoani kasuka nywele mistari mpaka kisogoni, cheni nje ya fulana, eafoni masikioni. Kwenye boti hiyo hiyo alikuwemo mzee mmoja wa mtaa wa pili, naye ndiye baba wa binti ambaye sisi tulikuwa tumeshakubaliana kumposea. Hatukujua kama wamepanda boti moja.

Mimi ndiye niliyemshauri anyoe. Nilimweka hapa kwenye kigoda, karibu na cherehani, nikamwambia: nyoa mwanangu, kanzu nitakushonea mwenyewe. Hakubisha. Akanyoa. Nikamshonea kanzu nyeupe, shingo nimeidarizi kwa mkono usiku mbili, nikamuazima na kofia yangu ya viua. Tukaenda watu watano na barua ya posa. Mzee akatupokea kwa halua na kahawa, tukazungumza hali ya karafuu, kisha akatwambia kwa upole kabisa kwamba hana binti wa kumpa mcheza mpira mhuni, kwani kamuona kwa macho yake kwenye boti. Nikamwambia, mzee wangu, si huyu hapa, mtazame. Akasema, "Hiyo kanzu kavalishwa."

Na kweli alikuwa kavalishwa. Nami ndiye niliyemvalisha.

Tulirudi kimya. Tulipofika kwenye ngazi za nyumba kijana akavua ile kofia, akanirejeshea kwa mikono miwili, akasema, "Mjomba, mimi nilidhani wanaikataa suka."

Mwalimu, maneno hayo yananikereketa mpaka leo. Mabati ya nyumba ya dada yangu yametoka kwenye fedha za kwanza alizolipwa huyo kijana. Sijapata kusikia anadaiwa hata shilingi. Nami nina daftari la madeni la miaka kadhaa, nilifungua juzi nikalipitia jina baada ya jina, na wengi wanaonizungusha ni watu wa kanzu zilizopigwa pasi, tena nilizozishona mimi. Wazee wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Twautumia msemo huu kuwasema wanawake, sijui kwa nini hatuutumii tunapotazama kanzu.

Jambo jingine, hapa kwetu timu nyingi ni za vikosi. Kijana wa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, au wa Mafunzo, kikosi cha magereza, akipita na sare za kazi, baraza nzima inamwitikia salamu. Hodari! Mwenzake wa timu ya mtaa, waliosoma skuli moja, wanaokimbia uwanja mmoja, akipita na jinzi yake huulizwa lini ataacha mpira atafute kazi. Ndipo nikaona kwamba suka ni kisingizio tu. Watu hawajakubali bado kwamba mpira ni kazi, na mtu asiye na kazi, nywele zake zote ni za kihuni.

Wewe ulikuwa mpenzi wa basketi tangu tuko skuli, kwa hiyo haya utayakumbuka kuliko mimi. Mwezi wa Novemba 2004 wachezaji wa Indiana Pacers, timu ya basketi ya Marekani, walipigana na watazamaji kule Auburn Hills kwenye mechi na Detroit Pistons. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, mkuu wa NBA, ligi yao ya basketi, David Stern, akatoa kanuni ya mavazi: mchezaji akiwa kwenye shughuli za timu avae shati la kola na suruali ya heshima, marufuku fulana, marufuku kofia, marufuku cheni nje ya nguo, marufuku miwani ya jua ndani ya nyumba. Ukiitazama orodha hiyo utaona kilichokatazwa kilikuwa ni mavazi ya vijana weusi wa mitaani. Stephen Jackson wa Pacers alilisema hilo wazi kuhusu cheni. Allen Iverson, ambaye wengi waliona kuwa ndiye aliyelengwa kuliko wote, alisema muuaji hata ukimvisha suti ni muuaji vile vile. Nami baada ya ile posa ninaweza kuongeza upande wa pili: kijana mwema ukimvisha kanzu, kwa aliyekwisha kumhukumu bado ni mhuni.

Nikiwa fundi, kilichonifurahisha ni yaliyotokea baadaye. Wale vijana wa NBA waliposhurutishwa kuvaa, wakavaa kwa namna yao. Dwyane Wade, LeBron James, Russell Westbrook na miwani yake na mashati ya maua: ile njia ya kutoka garini mpaka chumba cha kubadilishia nguo ikawa kama maonyesho, wapiga picha wakijipanga. Wamegeuza amri ikawa ufundi. Hata hivyo usidhani nguo nzuri zilimaliza maneno. Uingereza mwaka 2018 Raheem Sterling, mcheza mpira wa miguu, alizionyesha hadharani habari mbili za magazeti kuhusu vijana wawili wa timu yake, Manchester City. Tosin Adarabioyo, mweusi, na Phil Foden, mzungu, kila mmoja kamnunulia mama yake nyumba. Habari ya Foden ikasomeka kama ya mwana mwema anayemtazama mama yake. Ya Adarabioyo ikasomeka kama ya mtoto anayefuja mali ambaye hata mechi ya ligi hajaanza. Hapo nguo haimo kabisa, ni nyumba, tena ya mama! Mtu akitaka kukuona mhuni hakosi pa kushika.

Ya wanawake ndiyo yanayonikaa zaidi, kwa kuwa binti yangu mdogo anacheza mpira hapa skuli. Mwaka 2011 wanawake wa Iran walizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kule Jordan kwa sababu ya vitambaa vyao vya kichwani, na FIFA haikuruhusu rasmi hijabu mpaka 2014. Kisha 2021 timu ya Norwei ya mpira wa mikono wa ufukweni ikapigwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa bukta badala ya chupi za kuogelea. Hawa wametozwa kwa kujisitiri, wale wamefukuzwa kwa kujisitiri. Kwetu binti yangu kavaa suruali ndefu, mikono mirefu, na hijabu niliyomshonea mwenyewe kwa kitambaa cha kuvutika, haina pini, haimtoki akipiga kichwa. Na bado nimeletewa maneno barazani kwamba namwachia mtoto wa kike anavaa kiume. Nimewauliza, sitara gani iliyobaki? Hakuna aliyenijibu.

Sisemi kamati haina lake kabisa. Vijana wanaomaliza mazoezi wakapita mbele ya msikiti na bukta wakati wa adhana ya Magharibi wanakosea, na hilo nitalisimamia pamoja nawe. Tuna mipaka yetu ya stara, kitovu mpaka goti, nayo ni ya kila mwanamume, mcheza mpira na asiyecheza. Wawe na suruali au misuri ndani ya mikoba yao, basi. Lakini suka na cheni za siku ya mapumziko nakuombeni muziache. Siku Mlandege wa Unguja walipowafunga Simba 1-0 pale Amaan, fainali ya Kombe la Mapinduzi 2024, hapa barazani wazee walikumbatiana, na sikumsikia hata mmoja akiuliza nani kanyoa na nani hakunyoa.

Kwa hiyo suti nitazishona. Timu ikisafiri pamoja na vazi moja inapendeza, nami nitafurahi kuziona zikishuka kwenye boti. Ila ifuteni ile faini, na ile ya kuwafuata mtaani. Na kabla sijakata, waite vijana wenyewe uwaulize. Huenda hawataki Kaunda. Huenda wanataka kanzu fupi na koti, au shati la kitenge, nami vyote naviweza. Nitumie vipimo vya kila mmoja: kifua, bega, mkono, urefu. Usinikadirie kwa macho kama mwaka ule wa fulana za skuli.

Mpwa wangu nywele zimeanza kurefuka tena. Safari hii sijamwambia neno. Nimemuomba tu nipime mabega yake, nimshonee shati analolitaka yeye, na kachagua rangi ya machungwa inayowaka kabisa. Akija Unguja utamtambua kwa mbali.

Nisalimie bibi yetu na watoto. Mchukuzi wa barua hii anarudi na boti ya keshokutwa, unaweza kumpa vipimo.

Wassalaam,
swahibu yako, Fundi