Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar kuhusu meno yanayong'oka mkarafuuni na barabarani

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mchumaji karafuu wa Wete, Pemba, na nakuandikia kabla msimu haujaanza kwa sababu ya jambo lililomfika kaka yangu. Alikuwa juu ya mkarafuu akivuta tawi kwa upembo, tawi alilolikanyaga likakatika, akaanguka na kupiga mdomo kwenye gogo. Jino lake la mbele la juu liling'oka zima pamoja na mzizi, tukaliona jeupe juu ya majani makavu. Mzee mmoja aliliokota, akalifunga kwenye karatasi na kulitia mfukoni, tukakimbilia kituo cha afya. Pale alishonwa mdomo na kupewa dawa ya maumivu, lakini hakuna aliyeuliza jino liko wapi, nasi hatukujua kwamba lilistahili kuulizwa. Siku ya tatu daktari wa meno alilitazama lile jino lililokauka, akatwambia kwamba lingeweza kurudishwa.

Juu ya mzizi wa jino kuna utando mwembamba wenye uhai, ndio unaolishika jino kwenye mfupa, na likikaa kavu kwa muda wa saa moja sehemu kubwa ya utando huo hufa. Kwa hiyo jino la mtu mzima likitoka, lishikwe kichwani wala si kwenye mzizi, lisisuguliwe, lisuuzwe kidogo kwa maji baridi safi kama limechafuka, kisha lirudishwe palepale tunduni na mwenyewe aume kitambaa safi. (Jino la utotoni halirudishwi, maana linaweza kuumiza la ukubwani lililo chini yake.) Ikishindikana, litiwe kwenye kikombe cha maziwa, au mgonjwa atemee mate chomboni na jino likae humo, lisiwekwe kwenye maji matupu, maana huziua chembe hai za ule utando. Daktari atalifunga kwa waya mwembamba na meno jirani kwa takriban wiki 2, na kwa kuwa ncha ya mzizi wa mtu mzima imeshajifunga, matibabu ya ndani ya mzizi yanatakiwa yaanze ndani ya wiki 2 hizo. Kinga ya pepopunda nayo iangaliwe, hasa kwa aliyeangukia udongo.

Si kila ajali hulitoa jino zima. Lipo linalopata ufa tu, na lipo linalomeguka hadi kikaonekana kidoa chekundu cha kiini, na hilo lisingoje. Kipande nacho kihifadhiwe, maana pengine hubandikwa tena. Jengine hulegea, jengine husukumwa upande au kuzamishwa ndani ya ufizi, na jengine huvunjika mzizi bila ya macho kuona kitu, mpaka lipigwe eksirei. Meno kadhaa yakitikisika pamoja, yumkini mfupa wa taya ndio uliovunjika.

Mkarafuu si sababu pekee. Wapo wanaoanguka kwa bodaboda na vespa wakiwa na helmeti isiyofunika kidevu, wapo wa mpirani, na wapo wanaofungulia chupa za soda kwa meno. Wapo pia wanawake waliopigwa majumbani ambao hufika wakisema wameteleza chooni. Hao naomba wasipokewe kwa kushonwa tu: waulizwe faraghani, kwa upole, mume akiwa nje, kwa sababu jino lililovunjika huenda ndiyo dalili pekee atakayokubali kuionesha.

Mheshimiwa, ombi langu halihitaji majengo mapya. Naomba kila mhudumu wa kituo cha afya, Unguja na Pemba, afundishwe kuuliza "jino liko wapi?" kabla hajashika sindano ya kushonea, na ajue ampeleke wapi mgonjwa saa hiyohiyo. Naomba pia masheha wapewe maelezo mafupi kwa Kiswahili, yenye picha, yabandikwe kwenye makambi ya wachumaji, vituo vya kununulia karafuu na vijiwe vya bodaboda. Tunapokwenda shambani huwa tunachukua chupa ya maji. Mwaka huu, kwa upande wetu, tutachukua na pakiti ya maziwa.

Wasalaam,

Mchumaji karafuu,
Wete, Pemba