Barua kutoka Port Arthur

Hobart, Tasmania

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Natumai wewe na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila baridi imewahi. Uliniuliza kama magofu ya gereza la Port Arthur yanapendeza kama picha zinavyoonyesha. Yanapendeza mno, na hilo ndilo lililonitatiza: nyasi zimekatwa vizuri, ghuba imetulia, na pembeni mwa maji limesimama gofu la matofali lililojengwa mwaka 1845 liwe kinu cha unga na ghala la nafaka, likageuzwa baadaye kuwa makazi ya wafungwa, kisha moto wa mwaka 1897 ukalibakizia kuta tupu.

Waingereza walianza hapo mwaka 1830 kwa kukata mbao, na tangu 1833 wakawa wanawapeleka wafungwa waliorudia makosa wakiwa tayari wamehamishiwa koloni lao huku Australia. Kutoroka kulikuwa kazi kubwa, kwa kuwa rasi hiyo imeungana na sehemu nyingine ya kisiwa cha Tasmania kwa ukanda mwembamba tu wa ardhi, Eaglehawk Neck, uliolindwa na askari pamoja na safu ya mbwa wakali waliofungwa minyororo.

Lakini nilikokaa sana ni kwenye gereza la upweke, lililoanza kujengwa mwaka 1848 kwa kuiga lile la Pentonville, London. Humo mfungwa aliitwa kwa namba, akafunikwa uso kila alipotoka seli, na hakuruhusiwa kuzungumza na mwenzake. Hata kanisani kila mmoja alisimama ndani ya kizimba chake cha mbao, amwone mhubiri peke yake. Nilijaribu kusimama katika kimojawapo, na mume wangu aliyekuwa kizimba cha pili sikumwona hata bega. Nyimbo za ibada ndizo zilizowapa nafasi ya kutoa sauti, nami nadhani waliziimba kwa nguvu zote. Waliobuni utaratibu huo waliuona wa kiungwana kuliko mjeledi. Mimi siwaungi mkono, kwani jeraha la mgongoni angalau daktari huliona, na mwaka 1868 ilibidi, jirani kabisa na gereza hilo, ijengwe nyumba ya wagonjwa wa akili.

Makazi yote yalifungwa mwaka 1877. Ukija Desemba tutakwenda pamoja, ila tutoke asubuhi mapema, maana ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari na siku moja haitoshi.

Nisalimie Mama na wote nyumbani.

Rafiki yako,
Rehema