Malalamiko Kuhusu Safari ya Boti ya Jeti na Kofia ya Baba Yangu

Langoni, Lamu

Kwa Meneja,
Ofisi ya Safari za Boti,
Shela.

Assalaam alaykum Bwana Meneja,

KUH: MATENDO YA DEREVA WENU NDANI YA MKONDO WA MKANDA, NA YALIYOFUATA OFISINI

Ninakuandikia kwa adabu kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyofunzwa nyumbani, na aliyenifunza ni yule mzee ambaye kijana wenu alimwambia, "Nyamaza, umelipiwa kiti, hukulipiwa usukani." Karani wenu ameniambia kwenye simu kwamba malalamiko yangu "yameshaandikwa". Sijaonyeshwa yalipoandikwa, basi haya nimeyaandika mwenyewe.

Risiti imo ndani ya bahasha, pamoja na nambari yangu ya simu na picha ya goti la baba. Masharti yenu sina haja ya kukukumbusha. Yamebandikwa ukutani nyuma ya karani, kwa lugha za wageni tu, lakini mimi nilisoma: dereva atainua mkono na kuzungusha kidole kabla ya kuizungusha boti, na hatafanya hivyo mpaka ahakikishe kila abiria ameshika chuma. Ni sharti zuri. Sijui mlilibandika kwa ajili ya nani.

Nianze na lililoniuma. Mengine yatafuata yenyewe.

Tulikuwa ndani ya Mkanda, mikoko huku na huku, na mbele yetu dau la boriti linakuja. Baba akamwambia dereva kwa upole, "Mwanangu, maji yanapwa, na pale mbele kuna fungu." Dereva akamjibu hilo la kiti na usukani. Wenzake wawili wakacheka, na kicheko hakijesha akaizungusha boti. Hakuinua mkono wala kidole. Baba alikuwa bado amemgeukia yeye, akingoja jibu la maana, hakuwa ameshika kitu. Akaanguka kati ya viti na kofia yake ikaruka majini. Sote tuliiona inaelea, nyeupe, wala haikuwa mbali. Baba akasema, "Turudini kidogo, ile pale." Dereva akasema, "Mzee, hatugeuzi boti kwa kofia."

Bwana Meneja, alikuwa ametoka kuigeuza saa ile ile, kwa kujifurahisha.

Sasa tuje kwenye tangazo lenu, maana ndilo lililotutoa nyumbani. Mmeweka picha ya boti nyekundu inapita kwenye korongo, majabali pande zote mbili, maji meupe yanachemka, na chini mmeandika kwamba msisimko huo sasa uko Lamu. Mpwa wangu alitafuta mtandaoni akanionyesha picha ile ile: ni mto Shotover, karibu na Queenstown, New Zealand. Sina ugomvi na watu wa New Zealand. Boti hizi zimetoka kwao. Miaka ya 1950 Bill Hamilton alizitengeneza ili apande mito ya Canterbury, mito ya maji machache yenye kasi na kokoto, ambako propela ya kawaida ingegonga mawe ikavunjika. Ndiyo maana hizi hazina propela inayoning'inia nje. Pampu inafyonza maji kwa chini na kuyatema nyuma kwa nguvu, na mtemo huo ndio unaoisukuma boti na ndio unaoielekeza. Mwaka 1960 boti za aina hiyo zilipanda Mto Colorado ndani ya korongo la Grand Canyon, Marekani, zikipingana na mkondo. Hongera zao. Lakini hayo ni mambo ya mito ya majabali. Huku kwetu kuna maji yanayojaa na kupwa, mafungu ya mchanga, mwani, na majani ya mikoko yanayoelea kila mahali. Ukiwa na mashine inayofyonza chochote kilicho chini yake, ni lazima ujue chini yake kuna nini. Kijana wenu hakujua, na aliyekuwa akijua aliambiwa anyamaze.

Wala sitaki useme kwamba nimekuja kuwaharibia biashara. Pale mlango wa Shela, kusi lilipokuwa likigongana na maji yanayotoka, mawimbi yalisimama wima na boti ikaruka juu yake hata tukaacha matumbo yetu nyuma. Watoto wa dada yangu walipiga makelele ya furaha, na mimi nilipiga pamoja nao. Baba, ambaye amevusha majahazi kwenye mlango ule tangu kabla mimi sijazaliwa, alitabasamu akasema mashine ina nguvu. Mngeturudisha gatini kutoka pale pale, leo mngekuwa na watu watano wa kuwasifu Langoni nzima.

Nimeruka jambo la viti. Kabla ya kuondoka, baba alikuwa ameshakaa mbele, kwenye kiti nilichokilipia. Viti vya mbele mnaviuza ghali zaidi, na risiti inasema "mbele" kwa mwandiko wa karani wenu mwenyewe. Wakaja wageni wawili dakika za mwisho. Kijana wenu mwingine, yule aliyekuwa ameshika simu ndani ya boti, akamgusa baba begani akamwambia, "Mzee, nyinyi ni bei ya wenyeji, sogea nyuma." Baba akasogea, wala hakusema kitu. Wale wageni wenyewe waliona haya. Yule mama akataka kumrudishia kiti, mkamwambia akae tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyozoea kusema. Kwenu mwenyeji anapona kwa kupelekwa nyuma, ambako chuma cha kushikia kimelegea na jaketi ya kujiokolea haina kifungo. Ile ya baba ilifungwa kwa kamba ya nailoni. Nina picha yake pia.

Na kwa sababu alikuwa nyuma ndiyo ilimbidi asimame nusu ili sauti yake imfikie dereva. Hapo ndipo nataka nirudi, kwa sababu karani wenu aliliita jambo hili "ajali ndogo ya kofia", na nahisi hata wewe umeelezwa hivyo.

Haikuwa ajali. Alimtazama. Dereva aligeuza kichwa, akamwona mzee amesimama nusu, mkono mmoja umeelekea kwenye fungu, mwingine hauna kitu. Akasema maneno yake. Akatabasamu kwa yule mwenye simu, na mwenye simu akainua simu. Yaani walishajipanga. Kisha akakata usukani wote na kukanyaga mafuta. Baba alianguka kwa goti, bega likagonga ukingo wa kiti, na alipoinuka kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka mkono kichwani. Nitaukumbuka mkono ule. Hakushika goti lililokuwa likitoka damu, alishika kichwa. Ile kofia ni ya vito, imeshonwa kwa mkono, kitobo kwa kitobo, na aliyeishona ni marehemu mama yangu. Wewe ukiwa mtu wa Lamu unajua kofia kama ile ni kazi ya miezi. Kama si mtu wa Lamu, waulize wafanyakazi wako, kama watakuwa na haya ya kukujibu. Baba hakupiga kelele. Aliomba mara ya pili, na safari hii alisema "tafadhali", yeye kumwambia tafadhali kijana wa umri wa wajukuu zake. Na jibu likawa lile lile, ila kwa nyongeza: "Hatugeuzi boti kwa kofia, mzee, tuna ratiba."

Ratiba hiyo iliisha muda si muda. Mliingia kwenye fungu lile lile. Mashine ikafyonza mchanga na majani, ikakohoa, ikanyamaza. Na boti hii, Bwana Meneja, ikinyamaza haina usukani. Unaweza kuzungusha gurudumu mpaka mkono uchoke. Tukachukuliwa na maji mpaka mikokoni, matawi yanatupiga usoni, watoto wanalia. Ndani ya boti hakukuwa na kasia, wala upondo, wala nanga. Dereva hakujua hata pa kufungulia wavu wa pampu autoe uchafu. Alikuwa akipiga simu ofisini, na ofisi ilikuwa haishiki.

Waliotutoa ni watu wa lile dau la boriti. Walishusha tanga, wakatutupia kamba, wakatuvuta mpaka kwenye maji ya kutosha. Mmoja wao alipomwona baba kichwa wazi akauliza, na alipoelezwa alijitosa na kwenda kuitafuta kofia kando ya mikoko. Hakuipata, maji yalishaondoka nayo. Mtu asiyelipwa na mtu alijitosa majini kwa kofia ya mzee, na vijana wenu wa mshahara walikuwa wamekaa wanatazama simu zao. Hata ahsante hawakuitoa. Mimi ndiye niliyewapa mkono.

Baba alishuka gati ya Shela kichwa wazi, mbele ya watu wanaomwamkia kila Ijumaa. Dada yangu alimvulia mtandio wake ajifunike, akakataa. Alitembea hivyo hivyo.

Ofisini ndiyo mlikamilisha. Msaidizi wako alisikiliza nusu ya maneno yangu, akafungua kabati, akatoa kapelo nyekundu yenye nembo ya kampuni na picha ya boti, akamkabidhi baba. "Hii hapa nyingine, mzee, hata hii haipiti jua." Kapelo hiyo imo ndani ya bahasha hii. Mpe yeye avae.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai vitu viwili tu: tofauti ya bei ya kiti cha mbele, na dereva aje nyumbani amtake radhi baba. Hayo bado nayadai. Lakini juzi usiku mpwa wangu aliniletea simu, na huko kwenye ukurasa wenu nikaiona video. Baba anaanguka, kofia inaruka, kicheko, muziki, na maandishi "Babu ameyakanyaga". Mmeiweka kama tangazo. Chini yake mmeandika nambari ya kuwekea nafasi.

Kwa hiyo madai yangu si yale tena. Video iondoke leo hii, barua hii ikishafunguliwa, na iondoke kila mahali mlipoipeleka. Hatukutia saini kwamba uso wa baba ni mali yenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 mnaijua, au wakili wenu anaijua. Nauli yote irudi, ya watu wote watano, si tofauti ya kiti. Gharama ya daktari wa goti iwe juu yenu. Watu wa dau walipwe kwa kazi waliyowafanyia, na walipwe kama mnavyowalipa watu wa kuvuta boti, isiwe noti moja ya kufumbata mkononi. Kofia siwezi kuidai, hamuwezi kuilipa, lakini mtalipa fundi ashone nyingine, na baba ndiye atakayechagua fundi na mtindo, hata akitaka iliyo ghali kuliko zote Lamu. Na sitaki tena dereva aje peke yake. Uje wewe, na msaidizi wako wa kapelo, na yule wa simu, mje baada ya Alasiri, mkae barazani mbele ya wazee wa mtaa, mseme mliyoyafanya kwa vinywa vyenu.

Ninawapa mpaka Ijumaa. Nilikuwa nimeandika wiki mbili, nimefuta.

Ikipita Ijumaa kimya, nakala ya barua hii pamoja na picha za jaketi yenye kamba na maelezo ya watu wa dau zitakwenda KMA, Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Mombasa, na huko nitauliza maswali mepesi tu: boti ile ina cheti cha kubeba abiria wangapi, dereva yule amefunzwa na nani, na kwa nini inaingia Mkanda maji yakipwa bila kasia wala nanga. Itakwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa ajili ya video. Itakwenda kwa wanaotoa leseni za biashara za utalii. Na itasomwa kwa manahodha wa gati ya Lamu, ambao wengi wao walifunzwa kazi na baba yangu, na ambao ndio mnaowapigia simu kila boti yenu inapokwama. Mtaona nani atawatupia kamba.

Baba hajui kwamba ninaandika. Yeye amesema tuyaache, na kwamba kijana yule atajifunza. Mimi sina moyo wake, na sijifanyi ninao.

Wasalaam,

Mteja wenu wa kiti cha mbele,
Langoni, Lamu.

Viambatisho: risiti, picha tatu, anwani ya video, kapelo moja nyekundu.