Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli za 2024 na Safari ya China

Ndugu Mlezi wa Kwaya, ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji, ndugu wanachama mliohitimu na mnaoendelea na masomo,

Katiba yetu inanitaka nisome taarifa hii mbele yenu kila mwaka. Kabla ya kusimama nimehesabu viti, na nawashukuru ninyi 43 mliofika. Akidi imetimia kwa mara ya kwanza mwaka huu. Wenzetu 69 ambao hawapo wataipata taarifa kwenye simu zao, na najua wataisoma, kwa sababu majibu yao huwa yanafika kabla hata katibu hajamaliza kuituma.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Tuliimba kwenye mahafali, tuliwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tulishiriki tamasha la kwaya za vyuo jirani, tulikuwepo kwenye misiba miwili na harusi tatu za wanachama. Kinanda kilitengenezwa na kikaharibika tena. Sare za zamani zimegawiwa. Nisiwapotezee muda kwa hayo.

Kuhusu ada. Chama kina wanachama 112 na ada ya mwaka ni shilingi 30,000. Waliolipa yote ni 41, waliolipa nusu ni 19, na 52 hawakulipa kitu. Makusanyo ni shilingi 1,515,000 na deni ni shilingi 1,845,000, bila kuhesabu malimbikizo ya nyuma. Sitataja majina, ingawa mweka hazina alinishauri nitaje. Niseme tu kwamba wapo wanaodaiwa tangu mwaka juzi, na baadhi yao ndio wepesi kuliko wote kuandika aya ndefu kwenye kundi letu kuhusu matumizi ya fedha za chama.

Sasa niingie kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa leo, yaani safari ya China ya mwezi Septemba, na lawama kwamba uongozi uliuza imani kwa kuondoa nyimbo tano za kanisani.

Mwaka 2024 nchi yetu na China zilitimiza miaka 60 ya uhusiano wa kibalozi, na serikali zote mbili ziliutangaza kuwa mwaka wa utalii na utamaduni. Mimi binafsi niliona hiyo ni nafasi ambayo kwaya yetu haitaipata tena upesi. Niliandika barua ya kwanza kwa chuo rafiki kule Beijing nikiwa nyumbani kwangu, kwa karatasi zangu na bando langu, wakati ambapo hata baadhi ya wajumbe wa kamati waliniambia naota. Sisemi haya ili nisifiwe. Nasema ili kumbukumbu za kikao ziwe sahihi, kwa kuwa nimesikia safari hii ikielezwa kana kwamba ilijipanga yenyewe.

Wenyeji walikubali kubeba malazi, chakula na usafiri wa ndani. Sisi tulibaki na tiketi za ndege kupitia Addis Ababa kwa watu 28, shilingi 79,800,000. Viza, kadi za chanjo ya homa ya manjano na nyaraka nyingine, 7,280,000. Sare mpya na zawadi, 4,300,000. Na dharura za njiani, 2,120,000. Jumla ni shilingi 93,500,000. Wasafiri walichangia wenyewe milioni 42, chuo kilitoa milioni 25, wafadhili na harambee milioni 17.4, na mfuko wa chama ukatoa milioni 9.1 zilizobaki. Ndiyo, hizo milioni 9.1 zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya kinanda kipya. Kamati iliona kinanda kinaweza kusubiri na viza haiwezi. Mweka hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa baada yangu.

Tuliingia Beijing siku chache baada ya viongozi wa Afrika kuondoka kwenye mkutano wao na China, ule ambao ndani yake yalitiwa saini makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa Wachina. Kwa hiyo kila aliyetukaribisha alianza na reli. Wapo wazee waliotuuliza habari za Mlimba na Makambako, vituo vya reli hiyo, kama watu wanaouliza habari za ndugu zao, na tulipowaambia kwamba makaburi ya wenzao waliofia kazini yapo Gongo la Mboto na yanatunzwa, mmoja alivua kofia. Beijing pia ni mji unaofundisha Kiswahili vyuoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na redio yao ya kimataifa ilianza kutangaza kwa lugha yetu mwaka 1961. Wanafunzi waliopangiwa kutuongoza walikuwa na majina ya Kiswahili waliyopewa darasani na walisema "shikamoo" bila kukosea umri wa mtu. Baadhi ya wanakwaya wetu wangefaa kukaa nao darasa moja.

Kuna jambo la kimuziki ambalo nataka liingie kwenye kumbukumbu, kwa sababu limesahaulika katika kelele. Sisi tumezoea kusoma nota za herufi, do re mi. Wao kwaya zao nyingi zinatumia tarakimu: moja ni do, mbili ni re, hadi saba, na nukta juu au chini ya tarakimu inaonyesha sauti imepanda au imeshuka oktava. Mwalimu wetu aliutazama ukurasa wa kwanza dakika chache tu, akacheka, akaanza kuimba. Mfumo ni ule ule, mavazi tu ndiyo tofauti. Jioni hiyo hiyo sauti zote nne zilikuwa zimeshika wimbo wao wa kienyeji unaosifu ua la asumini, na wenyeji nao walikuwa wamegeuza wimbo wetu mmoja wa Kigogo kuwa tarakimu na kuuimba, besi zao zikijitahidi sana. Usiku wa tamasha la kwanza kwaya mbili ziliimba nyimbo hizo mbili kwa pamoja. Watu wa Zanzibar na Tanga mliopo hapa mngefurahi kuona asumini inavyoheshimiwa.

Nitapita haraka kwenye mengine. Tulipanda Ukuta Mkuu, na waliolalamika magoti wanajijua. Jumba la Wafalme la zamani hatukuingia kwa sababu siku yetu ya mapumziko ilikuwa Jumatatu na siku hiyo hufungwa. Huo nao umeandikwa kuwa uzembe wa uongozi. Kutoka Beijing tulikwenda Xi'an kwa treni ya kasi inayofika kilomita 300 kwa saa, chai ikiwa imetulia kwenye kikombe. Sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli, tarehe 17 Septemba, ilitukuta njiani na tulilishwa keki zake mpaka tukaomba msamaha. Xi'an tuliona askari wa udongo, waliofukuliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, na wenzetu Waislamu waliswali katika Msikiti Mkuu wa pale, wenye paa na bustani za Kichina kabisa. Noti tulizobadilisha kwa taabu zilikuwa karibu hazina kazi, maana hata muuza mahindi ya kuchemsha anataka alipwe kwa simu. Na WhatsApp haifanyi kazi kwenye intaneti yao ya kawaida. Walioandika kwamba uongozi ulinyamaza makusudi ili kuficha mambo wakubali maelezo haya, au waende wakajaribu wenyewe.

Nije sasa kwenye nyimbo tano.

Kule China, kikundi cha kigeni kinachopanda jukwaani kinatakiwa kutanguliza orodha ya nyimbo, maneno yake na tafsiri yake, na kibali kinatoka kwa mamlaka za utamaduni. Ibada zina sehemu zake zilizosajiliwa, na mgeni haruhusiwi kuhubiri hadharani. Hii ni sheria yao, haikutungwa kwa ajili yetu. Mwezi Juni tulipeleka nyimbo 14. Zilirudi zikiwa na alama ya wino mwekundu kwenye tano, zote za kanisani, pamoja na barua ya heshima ikituomba tuzibadilishe.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kukataa na kuvunja safari, tukiwa tumeshalipa malipo ya awali ya tiketi. Ya pili, kama mwanachama mmoja alivyoshauri kwa ujasiri mkubwa, kubadilisha vichwa vya nyimbo na kuziita za asili. Ya tatu, kuweka nyimbo nyingine. Njia ya pili niliipinga mimi mwenyewe, na ningeipinga tena leo. Sisi tungeimba, tungepigiwa makofi, tungepanda ndege. Anayebaki kuitwa ofisini kujieleza ni yule mwalimu mwenyeji aliyeweka saini yake chini ya orodha yetu. Mtu amekulisha na kukulaza, halafu unamwachia kesi?

Niliitisha mkutano wa dharura wa wanachama wote ili uamuzi uwe wetu sote. Tangazo lilitoka siku 14 kabla, kama katiba inavyotaka. Akidi ni theluthi moja, yaani watu 38. Walikuja 17. Tuliwangoja kwa saa nzima na nusu, mimi nikipiga simu moja moja. Mmoja alinijibu yuko njiani, na nyuma yake nikisikia mpira wa televisheni. Kwa kuwa akidi haikutimia, kifungu cha dharura kiliipa Kamati ya Utendaji mamlaka ya kuamua. Tuliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kuziondoa nyimbo tano na kuweka za Kigogo, Kisukuma na Kimakonde. Kura yangu ilikuwa miongoni mwa sita na sioni sababu ya kuificha.

Na hizo nyimbo mbadala ndizo zilizoifanya safari. Wachina wana kwaya nzuri sana za mtindo wa Ulaya. Hawakuhitaji sisi twende kuwaonyesha hilo. Lakini akina dada walipofunga ngoma za muheme kati ya mapaja, na zeze likaanza, ukumbi wa Xi'an ulisimama. Ngoma mbili zilikuwa za kuazima kule kule, kwa sababu ngozi mbichi zenye manyoya hazipiti forodha yao na zetu zilibaki Dar es Salaam. Hakuna aliyegundua tofauti isipokuwa wapigaji.

Kisha ikaja Guangzhou. Pale Watanzania ni wengi, watu wa biashara, na walikuja kwenye tamasha la mwisho na bendera na vigelegele. Katikati ya programu wakaanza kudai: ya kanisani! ya kanisani! Mwalimu alinigeukia pale nilipokaa, mstari wa mbele. Nilitikisa kichwa. Mtu akarekodi kipande hicho, sekunde chache tu, na ndicho kilichozunguka hapa nyumbani na maneno kwamba mwenyekiti ameuza imani kwa tiketi ya ndege.

Nimelelewa kanisani. Mama yangu aliongoza sauti ya pili kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi waliosambaza kipande kile. Kilichoachwa kwenye kipande ni kwamba Jumapili, saa chache kabla ya tamasha hilo hilo, wote waliotaka walikwenda ibada ya Kiingereza katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, jengo la mawe matupu lililochukua miaka 25 kujengwa, kuanzia 1863 hadi 1888, ambalo ibada yake hiyo huhudhuriwa na Waafrika wengi. Tuliimba tukiwa vitini kama waumini wengine, na padri hakuhitaji orodha yetu. Na baada ya tamasha wale wafanyabiashara walitualika kula ugali, na niliwaeleza kisa chote. Waliishi pale, walielewa mara moja. Ni hapa tu ambako halijaeleweka.

Kwa upande wa uamuzi wenyewe, kamati inasimama nao. Mjumbe mmoja wa wale watatu waliopinga alisafiri nasi, aliimba kila wimbo, na aliporudi alijiuzulu. Nafasi yake ipo wazi na itajazwa leo.

Mbele yetu kuna mambo kadhaa tunayoyatarajia, Mungu akijalia. Wenyeji wetu wameonyesha nia ya kututembelea, mwaka kesho au baadaye kidogo, na tutaona namna ya kuwapokea. Tungependa kurekodi albamu ya nyimbo za asili. Suala la kinanda bado linafanyiwa kazi. Tunafikiria pia kuwa na ofisi.

Mahudhurio ya mazoezi tangu tulipowasili ni waimbaji 11 hadi 15 kwa Jumamosi, na kati ya hao tena wachache ni wale waliosafiri. Wakati wa kugombea nafasi 28 za ndege walikuwa wakifika 60, hata wenye homa. Nawaachia mwalimu na Mlezi wetu waseme juu ya hilo.

Sasa ninamkaribisha mweka hazina. Maswali kuhusu nyimbo tano yatapokelewa baada yake, na nitayajibu yote mwenyewe. Ninaomba tu kila muulizaji aanze kwa kumwonyesha katibu stakabadhi yake ya ada ya mwaka huu.